Jani Lisilo na Tundu

Kila asubuhi Fundi Miche anafuta majani. Wengine wanafuta meza, yeye anafuta majani. Analowesha kitambaa laini, anakikamua, halafu anapita jani moja baada ya jingine mpaka miche yote inang'aa kama viatu vya bwana harusi. Ukipita kwenye uchochoro wake utamkuta amechuchumaa katikati ya makopo, anasema na mimea kama mtu anayeogesha watoto.

Jina la kuzaliwa analo, ila mtaa mzima unamwita Fundi Miche. Anauza miche ya matunda na maua ya kwenye makopo. Mkewe ni Mama Pacha. Mapacha wenyewe wanasoma shule ya msingi. Halafu kuna binti mkubwa, anaitwa Njiti kwa ule wembamba wake. Fundi Miche ana msemo mmoja ambao nyumba nzima wameuchoka: jani lenye tundu ni aibu ya muuzaji. Akiona kiwavi kwenye mche wake, hata chai haishuki.

Sasa Njiti akapata kazi, na kazi yenyewe ni ya kulisha viwavi.

Ndiyo, viwavi. Kwenye bustani ya umma kuna nyumba kubwa ya vioo. Ndani kuna joto kama jikoni. Vipepeo wa nchi za mbali wanaruka juu ya vichwa vya watu, wekundu, wa buluu, wengine wakubwa kama kiganja. Kuna wadudu wanaofanana na kijiti kikavu, na mende wenye pembe. Watu wanaingia wakijipiga picha, wanatoka wameloa jasho na bado wanacheka. Lakini kipepeo haanzi akiwa kipepeo. Anaanza yai. Yai linatoa kiwavi. Kiwavi anakula mpaka ananenepa, anajifunga kwenye kifuko, na kifuko kikipasuka ndipo anatoka mwenye mabawa. Nyuma ya ile nyumba kuna chumba kidogo cha kulelea viwavi. Humo ndimo alimofanya kazi Njiti, chini ya mama mmoja ambaye wote pale wanamwita Bi Mlezi.

Mapacha walimtania kila jioni, wakimuuliza watoto wake wamelala salama na kama wameshakata meno. Mama Pacha akawa anawanyamazisha. Kazi ni kazi, aliwaambia, na huyu bado yuko kwenye majaribio, msimtie nuksi.

Viwavi hao wana mdomo wa kuchagua. Wale wa vipepeo wekundu hawali kitu ila majani ya mpasheni. Uwape kabichi, watakufa njaa huku wanaitazama. Kwa hiyo Bi Mlezi alikuwa anatafuta mtu wa kuleta miche ya pasheni mara kwa mara. Njiti akasema baba yangu anayo, tena mizuri. Akakubaliwa. Akarudi nyumbani mbio kumpa baba habari, na akamwambia sharti ni moja tu, miche isipuliziwe dawa ya wadudu.

"Sawa mwanangu," alisema Fundi Miche. "Hii kazi nimeianza wewe hujazaliwa."

Ilikuwa sawa ya mdomoni. Siku chache kabla ya kupeleka miche, alikuta majani kadhaa yametobolewa. Akaona aibu mpaka masikio yakamchoma. Miche hii inakwenda bustani ya umma. Inakwenda na jina lake na jina la binti yake. Akaenda dukani akanunua dawa. Muuzaji aliitoa kwenye dumu kubwa, akaimimina kwenye chupa ya maji iliyokwisha tumika. Chupa haikuwa na karatasi ya maelezo. Haikuonyesha dawa inaitwaje, wala inachanganywaje, wala mtu angoje muda gani kabla ya kuvuna. Fundi Miche akapulizia akiwa na ndala na shati lake la kila siku, hana barakoa wala glavu. Jioni kichwa kikamuuma, mikono ikawa inatetemeka kidogo. Akasema ni jua.

Kesho yake akaosha majani kwa maji mengi, akayafuta na kitambaa chake. Hakukuwa na tundu hata moja. Akaipeleka miche, na hakumwambia mtu.

Ukilitazama vizuri kosa lake linachekesha, halafu linaumiza. Mtu kaombwa majani ya kuliwa, naye kayapulizia ili yasiliwe.

Siku ya pili baada ya miche kufika, Njiti alirudi nyumbani macho yamevimba. Hakuvua hata viatu. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni na kuwaambia kwamba viwavi wanakufa. Si mmoja, si wawili. Sanduku zima la vioo lilikuwa hai asubuhi, mchana wakawa wamelala chini. Bi Mlezi alipima joto, akapima maji, vyote viko sawa. Akamwomba Njiti anyooshe mikono, akainusa. Akamuuliza kama amejipaka dawa ya mbu, au mafuta yenye manukato. Njiti akaapa hajajipaka. Halafu akaja msimamizi wa bustani, akasimama mlangoni bila kuingia. Akasema yamebaki masanduku mawili, na vipepeo waliopo wameshazeeka, hawatagi tena. Hao viwavi wakifa, aina hiyo imekwisha pale bustanini. Na akasema kabla ya mfanyakazi huyu mgeni kuja, viwavi hawakuwa wanakufa. Ikitokea tena kesho, basi.

"Basi nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Basi mimi, mama."

Fundi Miche alikuwa ameshika kikombe. Akauliza taratibu wanakufaje. Njiti akaeleza. Wanaanza kutetemeka. Wanatapika maji ya kijani. Wanabaki wameshika jani kwa miguu ya nyuma, kichwa kinaning'inia chini, halafu wanaanguka.

Fundi Miche akakiweka kikombe chini. Kifo hicho alikuwa anakijua. Alikwisha kukiona mara nyingi kwenye kabichi zake, siku alizopulizia.

Hakusema. Mke na watoto walikula, yeye akasema ameshiba. Moyoni alikuwa anajijibu mwenyewe: nimeosha, tena kwa maji mengi, haiwezi kuwa ile. Na alijua kwamba asubuhi miche mingine inaondoka, ya kundi lile lile, ya dawa ile ile.

Asubuhi mtu wa mkokoteni akaja. Fundi Miche akapakia kopo moja moja. Njiti alipita karibu yake, amefunga kitambaa kichwani, uso umekonda zaidi ya jana.

"Leo nitanawa mikono mpaka ichubuke," alimwambia baba yake. "Labda kweli ni mimi."

Akaondoka akitembea nyuma ya mkokoteni.

Hapo ndipo moyo wa Fundi Miche ulipoanza kumtafuna. Kwenye kitalu lilibaki kopo moja, mche uliovunjika tawi. Akaurudia kuuosha. Akaosha juu ya majani, akaosha chini, akaosha tena. Halafu akatoka mpaka ukuta wa jirani. Jirani huyo ni bibi mmoja anayeishi peke yake, na ukutani kwake kuna mpasheni uliojiotea tu, haufutwi, haupuliziwi, majani yake yametobolewa kama chekecheke. Fundi Miche huwa anausema vibaya kwamba unachafua uchochoro. Akatafuta kiwavi kwenye majani yale, akampata mmoja mnene. Akamchukua kwa kijiti, akamweka kwenye jani lake safi linalong'aa.

Akachuchumaa, akamtazama.

Kiwavi akatembea kidogo. Akaonja ukingo wa jani. Akala. Fundi Miche akashusha pumzi. Kiwavi akala tena. Fundi Miche akaanza hata kutabasamu. Halafu kiwavi akasimama. Akainua kichwa, akakizungusha huku na huku kama mtu aliyesahau njia. Mwili ukaanza kutetemeka. Tone la kijani likatoka mdomoni.

Wakati huo huo Mama Pacha alikuwa ameinama hatua chache tu kutoka pale, kwenye tuta la mboga lililo ubavuni mwa makopo ya pasheni. Anachuma za mchana. Siku ile ya dawa upepo ulikuwa unavuma kuelekea huko.

"Usichume," alisema Fundi Miche.

Mama Pacha akageuka, mboga mkononi. Akamtazama mumewe, akamtazama yule kiwavi anayening'inia. Fundi Miche akasema yote pale pale, akiwa bado amechuchumaa. Akasema dawa, akasema chupa, akasema upepo. Mkewe hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka, na ndiyo ilimtisha zaidi.

"Jana tulizila hizi. Watoto walizila."

Akazitupa mboga chini. Akasema yeye anakwenda shuleni kuwachukua mapacha awapeleke zahanati, na Fundi Miche anangoja nini. Fundi Miche akapiga simu kwa Njiti. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Ndipo akakumbuka kwamba kule simu zinafungiwa kabatini, anayelea viwavi haingii na kitu mkononi. Akachukua baiskeli. Hata mguu wa suruali hakuukunja, ukawa unakamatwa na mnyororo, anauvuta, anaendelea. Alijua viwavi wanahamishiwa kwenye miche mipya baada ya Bi Mlezi kumaliza mzunguko wa asubuhi. Yaani saa hiyo hiyo.

Getini alipita bila kusalimia. Alipofika kwenye nyumba ya vioo, akakuta foleni.

Nyumba ile ina milango miwili, na katikati yake kuna kijichumba chenye vioo vya kujitazamia. Mlango wa ndani ukiwa wazi, wa nje haufunguki. Na anayetoka lazima akaguliwe, mgongo, nywele, mkoba, asije akatoka na kipepeo. Sababu yake ni kwamba kipepeo mgeni akitoroka anaweza kutaga mayai kwenye mashamba ya watu, na viwavi wake wakawa hawana adui wa kuwapunguza. Sasa mle kijichumbani kulikuwa na darasa zima la watoto wa shule. Mwalimu wao anawageuza mmoja mmoja. Geuka. Inua mikono. Haya, mwingine.

Fundi Miche akamwambia mlinzi wa mlango ana dharura. Mlinzi akamjibu kwa upole kwamba hata waziri angesubiri, mlango wenyewe umefungwa kwa umeme.

Akazunguka pembeni. Kupitia kioo aliona majani makubwa, aliona vipepeo, na kule mwisho, nyuma ya kioo kingine, akamwona Njiti. Miche yake imepangwa mezani, inang'aa. Njiti ameshika brashi laini kama ya kuchorea. Kwa brashi hiyo anamnyanyua kiwavi kutoka kwenye jani la zamani, anampeleka kwenye jani jipya. Taratibu, kama anabeba yai.

Fundi Miche akagonga kioo. Feni za ndani zilikuwa zinanguruma. Akagonga kwa viganja vyote viwili. Wageni wote wakageuka isipokuwa binti yake. Aliyegeuka, na akatembea haraka kuja mlangoni, alikuwa Bi Mlezi.

Mtoto wa mwisho alitoka. Mlango wa nje ukafunguka, Fundi Miche akaingia kijichumbani. Bi Mlezi akawa upande wa ndani, akaufungua mlango kidogo tu.

"Simama hapo hapo. Kuna nini?"

"Nimeipulizia dawa. Miche yote."

Bi Mlezi akamtazama juu mpaka chini. Akauliza swali ambalo Fundi Miche hakulitegemea. Akauliza kama siku alipopulizia alivaa shati hilo hilo. Ndilo. Akamwambia alivue, hapo halipiti. Fundi Miche akalivua, akabaki na fulana yenye shingo iliyolegea. Watoto wa shule waliokuwa nje ya kioo wakacheka mpaka mwalimu wao akacheka. Hakujali. Akapita mbio katikati ya maua, vipepeo wakimpisha, mpaka kwenye mlango wa kile chumba.

"Njiti, usiwape."

Njiti akaganda. Kwenye brashi kulikuwa na kiwavi. Kwenye jani jipya, wengine walikwisha kufika, na wawili walikuwa wanatafuna.

"Ni mimi, mwanangu," alisema baba yake. "Si mikono yako. Ni dawa yangu."

Njiti hata hakumtazama. Yeye na Bi Mlezi wakainama, kila mmoja na brashi yake, wakaanza kuwarudisha viwavi kwenye vikonyo vya zamani. Wale wawili waliotafuna wakawekwa peke yao kwenye bakuli. Mmoja alikuwa ameanza kutetemeka. Mikono ya Njiti haikutetemeka hata kidogo.

Walipomaliza, Fundi Miche alijaribu kujitetea kwamba aliosha majani, tena mara nyingi.

"Baba, kuna dawa zinabaki juu ya jani, na kuna dawa zinaingia ndani," alisema Bi Mlezi. "Hii inaonekana ni ya kuingia ndani. Inapanda na maji ya mmea mpaka kwenye majani machanga. Ukiosha, unaosha ngozi. Sumu iko ndani ya mwili."

Akamuuliza chupa iliandikwa nini. Fundi Miche akasema haikuandikwa. Bi Mlezi akafumba macho kidogo. Akasema dawa isiyo na maelezo hainunuliwi, hata ikitolewa bure, maana maelezo ndiyo yanayokwambia uchanganye kiasi gani, uvae nini, na usubiri siku ngapi kabla ya mtu kula. Akamuuliza kama kichwa kiliuma. Kiliuma. Mikono ilitetemeka? Ilitetemeka. Basi, akasema, haikuwa jua. Kinachomtetemesha kiwavi ndicho kilichokutetemesha wewe, tofauti ni ukubwa wa mwili. Na pembeni ya miche hiyo kumepandwa nini?

Fundi Miche akasema mboga, na kwamba watoto wako njiani kwenda zahanati. Bi Mlezi akasema hilo ni la kwanza, mengine yote ni ya pili. Akamfungulia kabati, Fundi Miche akampigia mkewe kwa simu ya Njiti. Mama Pacha alikuwa ameshafika zahanati. Mhudumu wa afya amewapima mapacha, hawana dalili, ila ameagiza waangaliwe, na baba mtu aje naye apimwe. Fundi Miche akaegemea ukuta.

Lakini viwavi walikuwa bado na njaa. Majani ya zamani yamebaki vikonyo vitupu. Kiwavi hana subira ya kungoja wiki ijayo. Bi Mlezi akauliza kama kuna mpasheni popote, wowote ule, ambao una hakika haujaguswa na dawa.

Fundi Miche akafikiri. Akasema upo mmoja, lakini haufai, umetobolewa wote.

"Umetobolewa na nini?"

"Viwavi."

"Na hao viwavi wako hai?"

Fundi Miche akasema wako hai, tena wanene.

"Basi huo ndio ninaoutaka," alisema Bi Mlezi. "Tundu ni ushahidi, baba. Mdudu kala na hajafa."

Fundi Miche akarudi uchochoroni na baiskeli, na fulana yake. Akabisha hodi kwa bibi wa ukutani. Hiyo nayo ilikuwa kazi, maana maneno aliyoyasema juu ya mmea ule bibi alikuwa anayakumbuka neno kwa neno. Akamsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Akamuuliza kama chekecheke lake leo limegeuka lulu. Fundi Miche akasema limegeuka, mama, nisamehe. Bibi akamletea gunia na mkasi, akamwonyesha akate wapi ili mmea usife. Akalipeleka gunia bustanini, kisha akapitiliza zahanati kupimwa.

Jioni ile Njiti na Bi Mlezi walikaa mbele ya masanduku mawili wakitazama. Viwavi walikula majani yale yaliyotoboka, wakayamaliza, wakaomba mengine kwa ile njia yao ya kuinua vichwa. Kati ya wale wawili wa kwenye bakuli, mmoja alikufa. Wengine wote asubuhi waliamka hai.

Msimamizi alimwita Njiti. Akamwambia abaki kazini. Na akasema bustani haitachukua tena miche kwa baba yake. Njiti akakubali. Alifika nyumbani akamwambia baba yake hivyo hivyo, bila kupunguza. Fundi Miche akasema ni haki.

Mambo nyumbani yalibadilika, na si kwa siku moja. Miche ile na mboga za tuta lile hawakuila wala kuiuza. Waliing'oa wakiwa na glavu, wakafuata maelekezo ya bwana shamba juu ya kuitupa pamoja na ile chupa, mbali na maji na mifugo. Nguo za kupulizia zikatengwa, zikafuliwa peke yake. Bwana shamba akawafundisha kufunika miche kwa chandarua, kuokota wadudu kwa mkono asubuhi, na wakilazimika kutumia dawa, iwe ya dukani yenye maelezo, wasome, na siku za kungoja wazingoje. Mboga zikahamishwa upande wa pili wa kiwanja. Mapacha wakapewa kazi ya kuokota viwavi. Hapo utani ukahamia kwao.

Kwenye udongo mpya, Fundi Miche akapanda vipandikizi vya mpasheni wa bibi. Vikashika. Vikatambaa. Majani yakatoka, mengine mazima, mengine yametobolewa, na kila akipita karibu mkono wake unawashwa kuchukua kitambaa, anauficha mfukoni.

Kwenye nyumba ya vioo, vifuko vilipasuka. Vipepeo wekundu wakatoka mabawa yamekunjamana, wakayakausha, wakaruka. Siku hizi ni wengi mpaka wageni wanatembea kwa kunyata.

Bi Mlezi ndiye aliyekwenda kwa msimamizi kuomba wachukue tena miche ya uchochoroni. Msimamizi akakubali kwa sharti kwamba kabla ya kopo lolote kutoka, mtu wa bustani aende akalikague mwenyewe. Akamtuma Njiti.

Basi Njiti alikuja asubuhi, amevaa sare ya bustani, kwenye kitalu cha baba yake mzazi. Mtu wa mkokoteni akawa anangoja. Mama Pacha akasimama mlangoni.

"Shikamoo baba. Umepulizia nini tangu mwezi uanze?"

"Marahaba. Sijapulizia kitu."

"Jirani je, upande wa upepo?"

"Nilimuuliza jana. Hajapulizia."

Njiti hakutikisa kichwa. Akachuchumaa. Akapita kopo moja moja, akageuza majani, akanusa, akatazama chini kwenye udongo. Baba yake alimfuata nyuma akimshikia matawi ili aone vizuri, wala hakunung'unika. Alipofika kopo la mwisho, Njiti akasimama, akapangusa magoti, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamtazama baba yake machoni.

"Pakia," alisema.